Hotuba ya Mume Wangu Nimeitunga Mimi, Sasa Nimechaguliwa Kuipinga

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho hata kama utacheka katikati, maana nilipomsimulia dada yangu alicheka mpaka akakaa chini, na mimi sikuwa hata na nguvu ya kumkasirikia. Mimi ni mke wa mtu na nina duka kwenye mtaa wa maduka ya umeme, nauza simu, runinga, redio, pasi, chaji na vile vidude vyote vya kuchomeka ukutani, na mume wangu ni msimamizi wa laini kwenye kiwanda cha kuunganisha runinga kilicho nje kidogo ya mji, kwa hiyo watu wamezoea kututania kwamba yeye anaziunda na mimi naziuza, ingawa kusema ukweli nyingi ninazouza ni za kutoka nje, hizi za kwao naweka chache tu upande wa dirishani.

Sasa Shangazi, usije ukadhani nitalalamika kuhusu huu ushuru mpya wa vitu vya umeme vya kutoka nje kwa sababu sijui ulitusaidia nini, najua, tena najua kuliko wengi, kwa sababu kabla haujapandishwa runinga za nje zilikuwa zinaingia kwa bei ya chee, za kiwandani kwao zinakaa stoo zinakusanya vumbi, mpaka wafanyakazi wakaambiwa mkae nyumbani mtaitwa, na kuitwa kwenyewe hakukuja. Mume wangu alikaa nyumbani akaanza kufua ovaroli ya kazi ambayo haikuwa chafu, anaifua, anaianika, anaipiga pasi, anaitundika, kesho yake anaitoa tena, na mwanamume akianza kupiga pasi nguo ya kazi ambayo haendi, Shangazi, mke unajifungia jikoni ukalie peke yako. Ushuru ulipopanda wakaitwa, laini zote zikawashwa, yeye akapandishwa kuwa msimamizi, nyumba ikarudi kuwa nyumba, nami nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akauliza kuna nini.

Lakini ushuru ule haukuchagua, umepiga runinga na umepiga kila chenye waya, simu, chaji, pasi, hata redio ndogo za mkononi, vitu ambavyo hakuna kiwanda chochote hapa kinachovitengeneza, basi mteja anaingia, anashika simu, anaigeuza, anauliza bei, anairudisha mezani taratibu kama vile imemuunguza, anasema nitarudi, na mimi najua harudi. Mwalimu mmoja amekuja mara kadhaa kuangalia ile ile simu ya kumnunulia binti yake, mpaka siku hizi anaisalimia kwanza ndiyo anisalimie mimi. Nina dada mmoja ananisaidia dukani tangu siku niliyofungua, mama wa watoto wawili, mtu mzima mwenye akili zake, na kila mteja akitoka mikono mitupu ananitazama usoni halafu anachukua kitambaa anafuta kioo ambacho ameshakifuta. Hajaniuliza kitu. Ningefurahi angeuliza.

Basi ndiyo tukasikia kwamba wakubwa wa biashara na forodha wanakuja Jumamosi hii kwenye ukumbi wa mji kusikiliza maoni ya watu, ushuru ubaki, upungue au uondoke, na wafanyakazi wa kiwanda wakamchagua mume wangu awasemee. Wamemchagua kwa sababu ni mkweli na hana adui, lakini Shangazi, sauti yake hata kuku haimfukuzi! Alirudi nyumbani jasho linamtoka, akaniambia, "Mama watoto, mwenye mdomo humu ndani ni wewe, nifundishe." Nikamfundisha. Nikawa namenya vitunguu, yeye anasimama anahutubia friji, mimi namkatiza, hapana, usianze na waheshimiwa sijui nini, anza na siku ile mlipoambiwa mwende nyumbani, waambie geti lilivyofungwa nyuma yenu. Nikamwambia nyoosha shingo. Nikamwambia wafanyabiashara watasema vitu vimepanda bei, na wakisema hivyo usibishane nao, wewe wajibu kwamba mtu asiye na kazi hata cha bei rahisi hanunui. Alivyolisikia neno hilo alisimama wima, akalirudia, akalirudia tena, macho yanang'aa, nikaona kabisa kwamba mume wangu atawatoa watu machozi ukumbini, na nikajisikia fahari nisiyoweza kukueleza.

Siku mbili baadaye akaja dukani mwenyekiti wetu wa wafanyabiashara, yeye anauza friji duka la tatu kutoka langu, tunamwita Kipaza kwa ajili ya koo lake, akaniambia mbele ya wenzangu wote, "Mama, tumekaa, tumeona hakuna mwingine, Jumamosi utatusemea wewe, nasikia kiwandani nao wana mtu wao lakini simjui ni nani, utammaliza tu." Wenzangu wakapiga makofi. Nikakubali. Sijui kwa nini nilikubali palepale, Shangazi, labda kwa sababu ya makofi, na labda kwa sababu kweli duka langu linakufa na ninayo ya kusema, na siku ile kabla hawajaja nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia yule dada kwamba mwezi ujao asije.

Nikarudi nyumbani nikamkuta mume wangu anahutubia friji. Nikachukua kisu nikaendelea na vitunguu. Mpaka leo sijamwambia. Anaendelea kufanya mazoezi, mimi naendelea kumrekebisha, na kila nikikaa mwenyewe kutafuta cha kusema upande wangu nakutana na lile neno la mtu asiye na kazi, neno nililolitunga mwenyewe kwa mdomo wangu, na jibu lake sina!

Halafu kuna hili ambalo ndilo hasa linaninyima usingizi. Katikati ya hayo mazoezi mume wangu alikaa kitandani anavua soksi, akabaki na moja mkononi, nikamuuliza una nini, akasema kila akifika kwenye habari ya bei kuna kitu kinamkwama kooni, nikamwambia kitoe, akaniambia jambo moja kuhusu namna wakubwa wa kiwanda wanavyopanga bei ya runinga zao tangu ushuru upande, jambo alilolisikia kwenye kikao cha wasimamizi, na wote mle ndani walionywa kwamba anayelitoa nje akatafute kazi kwingine. Jambo lenyewe ni hili. (Hapa mimi Shangazi nimeondoa mistari kadhaa. Nitaeleza.)

Umeona mwenyewe, Shangazi? Nikilisema hilo Jumamosi ukumbi mzima utasimama, ushuru utapunguzwa, duka langu litapumua na yule dada atabaki na kazi yake. Lakini kila mtu atajua limetoka wapi, maana msimamizi wa kiwanda mwenye mke muuza runinga mji huu yuko mmoja tu, na mume wangu atarudi kupiga pasi ovaroli. Nisiposema, nitasimama mbele ya watu walioniamini nikiwa sina kitu mkononi, na duka nafunga. Nimefikiria kusema naumwa. Nimefikiria kupunguza makali nimwachie ashinde, lakini Kipaza ataona, na mume wangu ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona. Nifanyeje? Namba yangu nimeiandika hapo chini lakini naomba usiitoe.

Mimi mwenye duka.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, siwezi kukuficha. Umemfundisha mtu kupiga penalti wiki nzima, sasa umepewa glavu ukae golini. Nimecheka, halafu nikafika pale kwenye soksi, kicheko kikakata.

Tuanze hapo. Ile mistari nimeiondoa mimi, na wasomaji watanisamehe. Nimeisoma, nimeielewa, ni jambo zito, na si lako. Wala si langu. Mume wako hakukupa ukampe Kipaza. Alikupa kwa sababu lilikuwa linamkaba, na mtu anayekabwa humtafuta wa kumpigapiga mgongo. Wewe umelichukua, umelipima kwenye mizani ya duka, ukaona lina uzito mzuri, ukaniletea mimi wa gazeti. Gazeti, mwanangu! Ulidhani nitalifunga kwenye kanga? Ningekuwa mzembe kidogo tu, mumeo asingefika hata hiyo Jumamosi akiwa na kazi. Sasa kilichobaki hapo juu ni mume aliyemnong'oneza mkewe chumbani, na kwa hilo hakuna kiwanda kitakachomfukuza mtu.

Kwa hiyo jambo hilo halisemwi. Si ukumbini, si kwa dada yako anayecheka mpaka anakaa chini, si kwa mtu yeyote. Likisemwa, alitoe mumeo mwenyewe, siku atakayoona inafaa, kwa gharama atakayoichagua yeye.

Sasa nikusemee na wewe, maana nimekugombeza na bado nina pole yangu. Unayo haki ya kusimama pale. Watu wakisema ajira, wote wanageuza shingo kutazama geti la kiwanda, hakuna anayetazama nyuma ya kaunta. Yule dada anayefuta kioo naye ni mfanyakazi. Na hapo ndipo lilipo jibu la lile neno lako unalolilia. Mtu asiye na kazi hata cha bei rahisi hanunui, ni kweli kabisa, ulitunga vizuri. Basi ukumbini likubali mbele ya watu wote, kisha waambie kwamba wewe una mtu anayekaribia kukosa kazi kwa sababu ya ushuru huohuo, na akikosa, hizo runinga za kiwandani naye hatazinunua. Ona, halikuhitaji kubishana na mtu.

La pili unalo mwenyewe, na nashangaa hulioni. Umeniandikia kwamba ushuru umepiga hata simu na chaji na pasi, ambazo hapa hakuna anayezitengeneza. Sasa ushuru huo unamlinda nani? Runinga, sawa, kuna kiwanda, kuna watu, kuna mumeo. Pasi inalinda kazi ya nani? Mimi si mtu wa forodha na hesabu zao zinanipita kichwani, lakini hata bibi yangu asiyejua kusoma angeuliza swali hilo. Uliza wewe. Mtaje yule mwalimu anayesalimia simu. Sioni mfanyakazi hata mmoja wa kiwanda atakayekuzomea, na nadhani mumeo atatikisa kichwa kukubali.

Na bei za runinga. Hapa nisikilize vizuri, nisieleweke vibaya. Unazo za kiwandani kwao pale dirishani. Unazinunua kwao kwa pesa yako na unajua ulikuwa unazinunua kwa kiasi gani kabla ya ushuru na sasa unazinunua kwa kiasi gani. Kipaza naye anajua, na kila mwenye duka mtaani kwenu anajua. Kama zimepanda, simama uulize mbele ya wakubwa: za nje zimepanda kwa sababu zinalipa ushuru, haya, hizi za hapa nazo mbona zimepanda? Uliza, ukae. Huenda vipuri vimepanda, huenda umeme, huenda kuna jingine, wenye kiwanda wana midomo yao, wajibu. Hilo ni jambo uliloliona mchana kweupe ukiwa nyuma ya kaunta yako, na hakuna atakayemtazama mumeo kwa ajili yake. Lakini ukianza kuulizwa zaidi na ukajisikia lile la kitandani linakupanda mdomoni, kunywa maji, kaa chini. Waseme umeishiwa maneno. Kuishiwa maneno hakujamuua mtu.

Kujifanya mgonjwa usifanye. Mwongo wa ugonjwa hulala kitandani akisikiliza wenzake wanapita dirishani kwenda mkutanoni, nawe kwa hiyo hamu yako ya kusema utaugua kweli. Kumwachia ashinde pia usifanye, hilo ndilo baya zaidi. Unataka kumnyoosha shingo wiki nzima halafu umwinamie mbele ya watu kama mtoto anayechezewa mchezo wa kushindwa? Atajua. Wewe mwenyewe umesema atakuwa wa kwanza kujua.

Nakuuliza jambo moja ambalo barua yako yote haina. Umenieleza Kipaza anataka nini, dada wa dukani anaogopa nini, mwalimu anaangalia nini. Mumeo umempa friji ahutubie. Hakuna hata mstari mmoja unaosema ulimuuliza yeye anaonaje kuhusu duka lako kufa. Mwanamume aliyekaa kitandani akasema kitu kinamkwama akifika kwenye bei, ulidhani anawafikiria wakubwa wake peke yao? Mimi nimeisoma barua yako mara tatu, na naona anajua vizuri sana chakula kilitoka wapi siku zile alipokuwa nyumbani anafua ovaroli safi. Kilitoka kwenye duka hilohilo.

Unaogopa kushindwa Jumamosi, ndivyo ulivyoandika. Sikuamini. Unaogopa kumshinda. Umezoea kuwa mwenye mdomo ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba hilo ni jambo la kucheka. Ukumbini kuna wafanyakazi wenzake na kuna wenzako wa mtaani, na wote watakuwa wanawatazama ninyi wawili. Hofu hiyo naielewa, tena ni hofu ya mtu anayempenda mumewe. Lakini dawa yake si kunyamaza. Mtu akipingwa na mkewe baada ya kuambiwa, atakwenda amejiandaa, na labda mtarudi nyumbani mkibishana njia nzima mpaka mlangoni. Akipingwa bila kuambiwa, akasimama pale na neno ulilompa wewe mdomoni, akakuona unainuka upande wa pili, hatakuwa anasikiliza habari ya ushuru tena. Atakuwa anajiuliza tangu lini. Na kuanzia siku hiyo akivua soksi atazivua kimya.

Kwa hiyo unamwambia. Huombi ruhusa, unamwambia. Nimechaguliwa, nimekubali, nilikuficha, nisamehe, na lile uliloniambia nimeshawahi kulifikiria vibaya lakini halitatoka kinywani mwangu. Useme na hilo la mwisho, hata kama litauma. Kisha mwachie achague kama bado anataka umfundishe.

Haya yote nilitaka kukuambia kwa sauti, nisisubiri gazeti. Jana nilipiga namba uliyoiandika chini ya barua. Ilipokelewa na mwanamume wa sauti ya taratibu sana, akasema mwenye simu amekwenda dukani akaisahau mezani, akaniuliza kwa adabu amwambie nani alipiga. Nikashikwa na kigugumizi, mimi ninayelipwa kwa kujibu watu! Nikasema nimekosea namba. Akasema hakuna tabu, mama, siku njema.

Nimemdanganya mtu mwema kwa ajili yako na sitarudia. Leo gazeti hili litafika kwenye kantini ya kiwanda saa ya chai, na mume anayefundishwa hotuba na mkewe jikoni atajitambua kabla hajageuza ukurasa. Kama umelinunua njiani, usifungue duka. Mwachie yule dada wa dukani funguo, nenda kiwandani sasa hivi, mwambie mlinzi akuitie mume wako getini, na umwambie wewe.